Taarifa Bila Mpokeaji: Kwa Nini Vikundi vya Teknolojia Hufa Maafa Yakipita

Siku mbili za kwanza baada ya mafuriko huwa hazina upungufu wa watu wa kujitolea. Kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku, na kabla ya alfajiri limejaa. Mtaalamu wa programu anatengeneza fomu ya mtandaoni ya kuripoti waliokwama. Mwingine anachora ramani ya barabara zilizokatika. Wa tatu, katika kundi jingine lisilojua habari za hili, anafungua orodha ya watu wasiojulikana walipo. Wiki mbili baadaye maji yamekauka, fomu haifunguliwi tena na mtu, na ndani ya kundi zimebaki salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Msimu wa mvua unaofuata, kazi ileile inaanza upya, mara nyingi na watu wengine, kana kwamba haijawahi kufanywa.

Lawama hupelekwa sehemu mbili: kwa vijana, kwamba hawana uvumilivu, au kwa wafadhili, kwamba hawakutoa fedha. Kuna ukweli katika yote mawili, lakini hayaelezi kwa nini vikundi vingine, vyenye vijana walewale na fedha chache zilezile, vimedumu kwa miaka. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba uhai wa kikundi cha aina hii hutegemea jambo moja linalopaswa kuamuliwa kabla kompyuta haijawashwa: nani ataipokea kazi yake. Kikundi chenye mpokeaji anayejulikana kwa jina na cheo, anayeisubiri kazi hiyo na kuitumia, hupata sababu ya kukutana hata pasipo maafa. Kisicho na mpokeaji hubaki na nia njema, na nia njema haina ratiba.

Safari ya ujumbe mmoja

Tuchukue ujumbe wa kawaida wa siku ya mafuriko: “Tupo juu ya paa, watoto watatu, nyuma ya msikiti, maji yanapanda.” Ili ujumbe huu uilete boti, lazima upite mikononi mwa watu kadhaa. Wa kwanza ausome. Wa pili aulize ni msikiti upi, mtaa gani. Wa tatu auweke kwenye ramani. Wa nne ahakikishe kwamba si tukio lililokwisha kuripotiwa, maana familia moja iliyokwama inaweza kuripotiwa na ndugu watano kutoka miji mitano. Wa tano aamue kipi kitangulie, hiki au cha mgonjwa aliyezingirwa upande wa pili wa mto. Wa sita, mwenye boti, aupate na ajibu kwamba ameupata. Wa saba, anayesahaulika kuliko wote, aandike kwamba watu wale wametolewa, ili boti nyingine isitumwe kwenye paa lisilo na mtu.

Teknolojia husaidia sana katikati ya safari hiyo. Mwanzo na mwisho wake ni kazi ya watu. Mwanzoni lazima awepo anayeijua mitaa kwa majina inayoitwa na wakazi, si kwa majina ya kwenye ramani za serikali tu. Mwishoni lazima awepo mwenye boti, gari, machela au mamlaka ya kufungua shule ilale watu. Vikundi vingi huanza katikati, kwa sababu ndiko ujuzi wa wanachama wake uliko, na ncha mbili huachwa zitafutwe wakati maji yanapanda.

Tofauti hii inaonekana wazi katika historia ya chombo kilichozaliwa kwetu Afrika Mashariki. Ushahidi ulianzishwa Kenya Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 27 Desemba 2007. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalikuwa yamepigwa marufuku, na wananchi hawakujua kinachotokea wilaya ya jirani wala mkoa wa mbali. Ory Okolloh alitoa wazo mtandaoni la kuwa na ramani ambayo mwananchi angeweza kuripotia alichokiona, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa walioligeuza wazo hilo kuwa programu katika siku chache. Lengo lilikuwa kuweka kumbukumbu, na mpokeaji alikuwa umma. Kila taarifa iliyofika kwenye ramani ilikuwa imekwisha kutimiza kazi yake, kwa kuwa ilitakiwa ionekane tu.

Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilipelekwa kwenye kazi ya namna nyingine. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, wakiongozwa na Patrick Meier, walifungua ramani ya Ushahidi kwa ajili ya nchi hiyo. Namba fupi 4636 ikatangazwa ili watu watume ujumbe wa simu bila malipo. Ujumbe ulikuja kwa lugha ya Krioli, na Wahaiti waishio ughaibuni wakajitolea kuutafsiri na kusaidia kutambua mahali ulikotoka. Ilikuwa kazi kubwa, na baadhi ya waokoaji waliitumia. Lakini sehemu kubwa ya ujumbe huo haikuwa ya watu waliofukiwa. Ilikuwa ya watu wanaoomba maji, chakula na mahema, ilhali mashirika makubwa ya misaada yalikuwa yamejipanga kugawa misaada kwa maeneo, si kumjibu mtu mmoja mmoja. Mtu anayeambiwa atume ujumbe huamini kuna atakayemjibu. Ahadi hiyo ilitolewa kabla ya kujulikana nani angeitimiza.

Katika tetemeko hilohilo, kazi nyingine ya kujitolea ilienda vizuri zaidi. Mamia ya watu duniani walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri, wakitumia picha za setelaiti. Kabla ya hapo ramani ya mji huo ilikuwa karibu tupu. Kila aliyekuwa na lori la maji au timu ya madaktari alihitaji ramani ya barabara, na hakuhitaji kubadilisha utaratibu wake wa kazi ili aitumie. Wajuzi wa kompyuta walikuwepo katika kazi zote mbili. Tofauti ni kwamba ramani ilikwenda kwa watu waliokuwa tayari wanaitafuta.

Kathmandu ilivyokutwa tayari

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nepal. Kathmandu Living Labs, kikundi kilichoanzishwa 2013 na Nama Raj Budhathoki na wenzake, kilianza na kazi isiyo na mshindo wowote: kuchora ramani ya Bonde la Kathmandu, hasa shule na hospitali, na kuwafundisha wanafunzi wa vyuo kufanya hivyo. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuonya kwamba bonde lile litapata tetemeko kubwa, ila hakuna aliyejua lini. Kwa miaka miwili vijana wale walitembea mitaani, wakaandika idadi ya ghorofa na aina ya ujenzi, na wakaenda ofisi kwa ofisi kuonyesha walichokichora.

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la kipimo cha 7.8 likaua watu karibu 9,000. Kikundi kilikuwa na ramani, kilikuwa na wanafunzi waliokwisha kufunzwa, na kilijua mlango wa kubisha. Kilifungua ukurasa wa kupokea taarifa za mahitaji, na wakati huohuo kikawaongoza maelfu ya wachoraji wa nchi za mbali waliotaka kusaidia, kikiwaambia ni wilaya ipi ichorwe kwanza kwa kuwa ndiko misaada inakoelekea. Nguvu ya watu wa mbali ilihitaji mtu wa karibu wa kuielekeza. Bila ya kikundi cha wenyeji, wachoraji wale wangechora palipo na picha nzuri za setelaiti, na si lazima pawe ndipo palipo na shida.

Hapa ndipo neno “kikundi cha wenyeji” linapopata uzito wake. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoushukia mji wa Katesh na vijiji jirani tarehe 3 Desemba 2023, na kuua zaidi ya watu 80, mtu aliye Dar es Salaam au Ulaya angeweza kulinganisha picha za setelaiti za kabla na za baada. Asingeweza kujua nyumba ipi ilikuwa na wapangaji, familia ipi ilikuwa imesafiri, wala njia ipi ya miguu inapitika. Taarifa hizo zimo kichwani mwa mjumbe wa shina, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii na dereva wa bodaboda. Kazi ya kikundi cha wenyeji ni kuzitoa huko na kuzipeleka zinakohitajika.

Somo la Dar es Salaam

Sisi tuna mfano wetu, na ni vizuri kuuangalia kwa utulivu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo, wakifuata njia iliyokwisha kujaribiwa Nairobi na mradi wa Map Kibera tangu mwishoni mwa 2009. Desemba mwaka huohuo mvua ziliinyeshea Dar es Salaam hadi watu wapatao 40 wakafa, na baadhi ya walionusurika mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kila mtu aliona kwamba Jangwani na bonde lote la Mto Msimbazi vina wakazi wengi kuliko ramani rasmi zilivyoonyesha, na kwamba mtu hawezi kupanga uokoaji wa nyumba asizojua ziko wapi.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulizaliwa katika mazingira hayo. Uliwakutanisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na timu ya kimataifa ya OpenStreetMap ya masuala ya kibinadamu. Wanafunzi walikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kata zinazofurika, droni zikapiga picha, na wakazi wakaulizwa maswali ambayo droni haiwezi kuyajibu: maji yalifika wapi mwaka ule, yalipanda hadi kiunoni au hadi dirishani, mtaro huu unamwaga wapi, kalvati hili limeziba tangu lini. Baadaye kazi iliingia ndani zaidi, hadi kwenye mipaka ya mitaa na mashina, yaani makundi ya nyumba chache yenye mjumbe wake, wajumbe wenyewe wakionyesha shina linapoishia.

Kuchora mpaka wa shina kunaweza kuonekana ni jambo dogo. Lakini onyo la mafuriko linaposhuka kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenda mkoani, wilayani, katani na mtaani, mtu wa mwisho anayegonga mlango usiku ni mjumbe. Ramani yenye mashina inaweza kujibu swali ambalo mtendaji wa kata atauliza kwanza: nimpigie nani? Hapo ramani inaacha kuwa picha ya kuning’inizwa ofisini na inakuwa orodha ya simu.

Kutoka kwenye mradi huo ilizaliwa taasisi ya Kitanzania, OpenMap Development Tanzania, inayoendelea na kazi ya ramani hadi leo. Zanzibar ilipita njia yake: upigaji picha wa visiwa kwa droni ulioanza 2016 uliendeshwa pamoja na Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Katika yote mawili wapokeaji walikuwa wamekaa mezani tangu mwanzo, na ujuzi ukabaki nchini mikononi mwa watu wanaoweza kuitwa tena.

Kuanza: mlango kwanza, programu baadaye

Basi vijana kumi wa wilaya moja wakitaka kuanzisha kikundi, waanzie wapi? Kwa hoja yetu, waanzie kwenye ofisi ya kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi ngazi za chini za kata, kijiji na mtaa. Kamati hizo hazina nguvu sawa kila mahali, lakini zipo kisheria, na zina wenyeviti na makatibu wenye majina. Kikundi kinachokwenda kwa mtendaji na kumuuliza, “Mvua za mwaka jana ni jambo gani ulilihitaji ukalikosa?” kitapata kazi ya kwanza bila kubuni. Huenda akasema alikosa orodha ya wazee wanaoishi peke yao, au namba za simu za wenyeviti wa mitaa zinazofanya kazi, au idadi ya vyoo katika shule inayotumika kama kambi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji programu mpya.

Kishawishi cha kutengeneza programu mpya ni kikubwa, na kinaeleweka: ndicho kipaji cha wanachama. Lakini vyombo vipo. OpenStreetMap ipo, Ushahidi ipo, fomu za ODK na KoboToolbox hufanya kazi hata mtandao ukikatika na hutuma data zikipata mnara. Hata Sahana, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wa Sri Lanka waliojitolea baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, kwa ajili ya orodha za waliopotea, kambi na mahitaji, uko wazi kwa yeyote. Programu mpya huhitaji fundi wa kuitunza kila mwaka, na fundi huyo ndiye anayepata kazi ya mshahara na kuhama mji. Kijana akichukua chombo kinachotumika na wengi, mrithi wake atakuta maelezo, mafunzo na watu wa kuuliza.

Hatua ya pili ni kugawa kazi kabla ya siku yenyewe. Standby Task Force, mtandao wa watu wa kujitolea ulioanzishwa Oktoba 2010 kutokana na uzoefu wa Haiti, ulijigawa katika timu: wanaofuatilia vyombo vya habari, wanaotafuta mahali kwenye ramani, wanaohakiki, wanaotafsiri. Muhimu zaidi, ulijiwekea masharti ya kuingia kazini, na mojawapo lilikuwa kuwepo kwa anayeomba. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Uratibu wa Masuala ya Kibinadamu ilipouomba mwezi Machi 2011 uchore ramani ya mgogoro wa Libya, watu wa kujitolea walifanya kazi kwa wiki kadhaa kisha wakaikabidhi kwa waombaji. Walijua nani anaanzisha, nani anasoma, na lini wanaondoka.

Kikundi kidogo cha wilaya hakihitaji timu zote hizo. Kinahitaji mratibu mmoja wa kuongea na kamati ya maafa, wahakiki wawili wenye vichwa vilivyotulia, mtu wa kumbukumbu, watu wa mitaani wanaoijua kata, na zamu. Zamu ni lazima. Kusoma kwa saa nyingi ujumbe wa watu wanaolilia watoto wao kunamuumiza msomaji hata akiwa mbali, na mhakiki aliyechoka hupitisha uongo. Saa nne za kazi kisha mtu akapumzike, na mwenzake amuulize kama yuko sawa, ni utaratibu wa kazi kama utaratibu mwingine wowote.

Kudumu: kalenda ya mvua

Maafa yetu mengi yana bahati moja ndani ya ubaya wao: huja na msimu. Masika ni kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza. Kikundi kinaweza kujipangia mwaka mzima kwa kalenda hiyo. Februari na Septemba kinapiga simu zote zilizo kwenye orodha ili kuona ipi imebadilika, kwa maana orodha ya simu ya mwaka juzi huweza kumpoteza mtu kuliko kutokuwa nayo. Kinafanya zoezi moja na kata: tuchukulie saa tisa usiku daraja limekatika, umeme hakuna, mtandao unayumba. Nani anampigia nani? Msimu ukiisha kinakaa na mtendaji, wanapitia kilichotokea, na kinabadilisha utaratibu.

Kati ya misimu ndiko kwenye hatari. Kikundi kinachongoja maafa ili kiwe na kazi hufa kwa kukaa bure, tena hufa kimya. Dawa yake ni kumfanyia mpokeaji kazi za kawaida: ramani ya visima, ya mitaro iliyoziba, ya vituo vya afya na saa zake za kufungua. Map Kibera ilidumu kwa njia hii. Baada ya ramani ya kwanza iliingia kwenye afya, usalama, maji na shule, na ikawarudishia wakazi ramani zilizochapwa kwenye karatasi. Kazi za kawaida zinawafanya wanachama wajuane kazini, na zinamfanya ofisa wa kata azoee kuwapigia simu. Siku ya mafuriko si siku ya kujitambulisha.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo huzungumzwa kwa aibu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri, lakini moyo haununui bando. Mwanafunzi anayetoka Mbagala kwenda Jangwani analipa nauli, anatumia chaji yake, anakula mchana. Kikundi kinachosema “kwetu ni kujitolea tu” kitabaki na wale wenye mshahara na gari, yaani wale wasiokaa mabondeni, na kitapoteza watu kinaowahitaji zaidi. Upande wa pili kuna mtego wa posho: mradi ukilipa kwa kila kikao, watu huja kwa ajili ya kikao, na mradi ukifungwa wanaondoka nao. Njia ya katikati ni kurudisha gharama halisi kwa risiti au kwa kiwango kilichokubaliwa, kwa kila mtu sawa, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Mhazini asiwe mratibu. Michango ya simu ipitie namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kamwe isipitie laini ya mtu, kwa kuwa msimu wa maafa ndio msimu wa matapeli, na shaka moja tu inatosha kukiua kikundi kilichojengwa miaka mitano.

Uongozi nao uwe wa muda. Vikundi vingi vya teknolojia hujengwa juu ya mtu mmoja mwenye nenosiri la kila kitu. Akisafiri, kikundi kimesafiri. Kila wadhifa uwe na msaidizi anayejua kuufanya, maneno ya siri yawe na watu wawili au watatu, na maelezo ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu aliyejiunga jana. Vyuo ni chemchemi nzuri ya wanachama, ila wanafunzi huhitimu, kwa hiyo kikundi cha chuo kinahitaji mkataba na idara au mwalimu anayebaki.

Kulinda waliokuamini

Taarifa za maafa ni taarifa za watu walio dhaifu kuliko siku nyingine yoyote. Orodha ya nyumba zilizohamwa ni mwongozo kwa mwizi. Orodha ya watoto waliotengana na wazazi, yenye picha na mahali walipo, ni hatari ikiachwa wazi. Ramani ya Libya ilikuwa na sura mbili: moja kamili iliyofungwa kwa nenosiri kwa ajili ya wenye kazi, na nyingine ya umma, iliyopunguzwa maelezo na kucheleweshwa. Kanuni hiyo inafaa hata kwa mafuriko ya kata moja. Umma uambiwe barabara ipi imefungwa. Jina na simu ya aliyekwama apewe mwenye boti.

Sheria zinadai hivyo pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze kwa nini anazikusanya na azitunze kwa usalama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na kuruka kwa droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kikundi kinachofanya kazi chini ya makubaliano ya maandishi na kamati ya maafa kina pa kusimama. Vijana wanaosambaza “inasemekana daraja limeanguka” kwenye makundi hawana, na kosa lao linaweza kuwapeleka waokoaji upande usio na watu.

Yupo atakayesema kwamba kumweka mpokeaji wa serikali mbele ni kujifunga, kwa kuwa kuna ofisi zinazochelewa, na zipo zinazopenda kuficha idadi ya walioathirika. Hofu hiyo ina msingi, na Ushahidi wenyewe ulizaliwa kwa sababu njia rasmi za habari zilifungwa. Lakini mpokeaji si lazima awe serikali peke yake. Anaweza kuwa Msalaba Mwekundu, hospitali ya misheni, msikiti na kanisa vinavyofungua kumbi zao, chama cha madereva wa bodaboda, au umoja wa wavuvi wenye mitumbwi. Kikundi chenye busara kitakuwa na wapokeaji wawili au watatu, ili mlango mmoja ukifungwa kazi isikwame. Kisichofaa ni kutokuwa na yeyote na kutumaini kwamba taarifa ikishawekwa mtandaoni, mwenye boti ataiona.

Kwa hiyo kipimo cha kikundi kisiwe idadi ya wanachama, wala ya taarifa zilizokusanywa, wala ya mashindano ya ubunifu kilichoshinda. Kipimo ni taarifa ngapi zilipokewa na mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua, na ngapi zilifungwa kwa jibu. Kikundi kilichopokea taarifa 30 na kuzifunga 25 kimefanya kazi kuliko kilichopokea 3,000 bila kujua hata moja iliishia wapi. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye daftari, na mtendaji wa kata anaweza kuisoma na kuielewa. Wanaotaka kuanza wasikimbilie jina, nembo wala kundi jipya la WhatsApp. Waende kwanza wakamuulize mpokeaji alichokikosa msimu uliopita, warudi na hicho kabla ya msimu ujao, na wakubaliane naye kwa maandishi nani atapigiwa simu usiku.